Mti Usioandikwa

Njoo tupite njia ya mguu, ile inayotoka Kolwezi kuelekea Luilu. Vua viatu kabisa. Wakati wa mvua udongo mwekundu hunata kama bukari, ugali wetu, isiyoiva, na Nkambo, bibi yetu, hapendi kumngoja mtu anayekwangua nyayo. Ametangulia, jembe begani, kikapu kichwani. Nyuma yetu king'ora cha kampuni ya migodi ya Gécamines kinaita zamu ya asubuhi. Mbele ni njiwa tu.

Shamba lilianzia kwenye kichuguu kirefu kuliko nyumba yetu. Juu yake Nkambo alipanda mahindi na maboga, maana udongo wa mchwa una nguvu. Chini yake karanga, kisha mihogo, ambayo majani yake tuliyatwanga jioni yakawa sombe. Ilikuwepo miembe saba, mmoja kwa kila mtoto aliyemzaa. Na ukingoni, pale shamba linapoishia na pori kuanza, ulisimama mutondo. Huo hakuupanda mtu. Kila tulipofyeka, Nkambo alisema, "Huo muuache."

Ulikuwa mti wa vinkubala, viwavi wa kuliwa. Msimu wake ukifika, ungesimama chini yake ukasikia mvua nyepesi bila wingu: ni vinyesi vyao vikidondoka juu ya majani makavu. Vinkubala tulivichuma, tukavikamua, tukavichemsha kwa chumvi, tukavianika mkekani. Harufu yake, ya moshi wa makaa na majani machungu, ilikaa kwenye nguo zetu hadi Jumapili. Mizizini uyoga uliota wenyewe.

Februari 2009 walikuja na daftari na kamba ya kupimia: watu wa kampuni ya migodi iliyolitaka shamba, chifu, agronomo wa serikali. Tangu sheria ya 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Lakini sheria ya migodi ya 2002 iliagiza kwamba anayenyimwa shamba lake alipwe thamani yake, na nusu ya thamani hiyo juu yake. Walihesabu miembe mmoja mmoja, mikubwa mbali na midogo mbali. Walipima mihogo. Nkambo aliwafuata akigusa kila kilichoandikwa. Alipofika kwenye mutondo akaweka kiganja juu ya gome.

"Na huu, mwanangu?"

Agronomo aliutazama mti, akatazama daftari. "Huu ni wa pori, mama. Humu tunaandika vilivyopandwa."

Nkambo hakubisha. Alimchomea hindi bichi, kwa kuwa kijana wa watu alikuwa juani tangu asubuhi.

Siku ya malipo alitia dole gumba kwenye wino, akafunga noti kwenye pindo la kitenge. Zilifanya kazi yake: mabati ya nyumba mjini, karo ya wadogo zangu. Mpaka leo naziheshimu fedha zile.

Mvua zilizofuata nilimsindikiza sokoni. Alisimama mbele ya rundo la vinkubala vilivyokaushwa, akauliza bei, akauliza tena. Tangu azaliwe hakuwahi kuvinunua. Alifungua pindo taratibu, akahesabu, akachukua kopo moja.

Nyumbani hakuvipika mara moja. Aliinamisha uso ndani ya bakuli, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Ni vya mutondo," akasema.