MTOTO ALIMPA SIRI, MDADA WA FILDI AKASHINDWA KULALA

Mdada mmoja wa chuo alipangiwa fildi kwenye shirika la kutetea watoto. Wenzake wakapata maofisi ya mjini, yeye akapelekwa Michenga, kule Ifakara, na begi la madodoso na hela ya bodaboda.

Kazi ilionekana nyepesi. Unaripoti kwa mtendaji na barua ya utambulisho, unapewa mwenyeji wa kukuzungusha, mzazi anasaini ridhaa, mtoto naye anaulizwa kama anakubali, mnaanza. Maswali yalihusu watoto wanaobaki nyumbani msimu wa mpunga.

Aliyekulia bonde la Kilombero anaijua hii ishu. Mpunga ukitoa masuke lazima mtu akaamie ndege, la sivyo utavuna makapi. Wazazi wanahamia shamba, wanalala kibandani, mtoto anabaki na ufunguo, sufuria na wadogo zake. Siyo kwamba hawampendi. Chakula cha mwaka mzima kiko kule shamba.

Sasa kuna binti wa miaka 12, mama yake alikuwa amerudi mara moja kuchukua unga. Mama akasaini. Mdada akaanza kama kawaida yake: "Utakachoniambia hakitoki hapa." Binti akajibu yote vizuri. Dodoso limeshafungwa, akauliza, "Anti, ile siri ni kweli?" Akaambiwa ni kweli. Ndipo akasema kuna baba mmoja jirani, mama akiwa shamba anakuja usiku kugonga mlango, anamwita kwa jina.

Usiku ule mdada hakulala. Akisema, amevunja ahadi, na huyo jirani ni mtu wa heshima zake. Akinyamaza, ripoti itapata maksi nzuri na mlango utaendelea kugongwa.

Jamani, siri ya utafiti imewekwa kumlinda mtoto, siyo kumfichia anayemtisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti serikali za mitaa. Yeyote, hata wa fildi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu nusu yao hawakumwambia mtu.

Asubuhi alimfuata binti kwanza. "Mdogo wangu, nilikuahidi kitu ambacho siwezi. Hili lazima nimwambie mtu wa kukusaidia." Binti akalia: "Anti, umenidanganya." Siku hiyohiyo taarifa ikafika kwa msimamizi na afisa ustawi wa jamii, mama naye akaambiwa. Mama hakurudi shamba. Ndege wakala mpunga, lakini usiku mlango ulikuwa na mwenyewe ndani.

Fildi ilipoisha, binti hakuja kumuaga.

Wanafunzi mnaoenda fildi, semeni mapema kabla ya swali la kwanza: "Nitatunza siri zako, ila ukiniambia kuna anayekuumiza nitatafuta msaada." Mtoto achague akijua. Na namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga.

Wewe ungemjibu nini binti alipouliza kama siri ni kweli? Tiririka hapo chini.