Gari Tuliloliacha Nyumbani



Wengi mmetuuliza tulipotelea wapi tangu kabla ya masika. Alhamdulillah, tulijaaliwa kwenda Umra pamoja na kaka yetu, kisha tukapitia Muscat kwa dada yetu aliyekuwa karibu kujifungua, tukakaa naye mpaka arobaini ikatimia. Kwa jumla miezi mitatu. Habari za mabaibui na udi tuliokuja nao zitafuata inshaAllah. Leo tunataka kuzungumza kuhusu gari. Msicheke, tuna sababu.

Mimi na mdogo wangu gari letu tulilipata kwa pesa za kibati na za cherehani. Si kubwa, lakini ndilo linalobeba nguo za harusi, mapazia, mito ya kitanda, na mara nyingine bi harusi mwenyewe. Likilala gari, na biashara imelala.

Miaka mitatu nyuma tulisafiri hivi hivi. Tukavuta handibreki, tukalifunika turubali la nailoni, tukampa binamu yetu ufunguo tukamwambia aliwashe kila wiki dakika tano. Masikini, alifanya kama tulivyomwagiza. Tuliporudi betri imekufa, matairi yamekaa bapa upande wa chini, breki zimeganda, na viti vimeota kuvu. Hayo yote fundi aliyatengeneza, ingawa pesa zilitutoka.

Kilichotuvunja nguvu kilikuwa ndani ya buti. Siku ya kusafiri, katika pirikapirika, tulikuwa tumesahau mfuko wa mteja wetu mmoja. Ndani yake mna lesi nyeupe ambayo mjomba wake alimletea kutoka Dubai, na harusi yake ilikuwa wiki mbili baada ya sisi kurudi. Panya walikuwa wameifanya tandiko la kuzalia.

Tutasema kweli, kwa sababu hapa tumezoea kuambiana kweli. Jambo la kwanza lililotujia kichwani ni kwenda Mchangani kutafuta lesi inayofanana na kunyamaza. Tulizunguka duka baada ya duka asubuhi nzima. Tukaipata moja iliyokaribia, mtu asiyekuwa fundi asingeitambua. Tulipokuwa tunalipa, mdogo wangu akaniuliza, "Na tukishamdanganya, tutamtazamaje usoni siku ya kumvisha?" Tukaiacha lesi pale pale kwenye meza ya duka, tukaenda kwao.

Alilia. Mama yake alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, kitambaa kilikuwa amana." Basi, hakusema zaidi, na sisi tungependa zaidi atutukane. Tulimnunulia kitambaa alichokichagua mwenyewe, tukamshonea bila ya malipo, na alipendeza mashaAllah. Akatusamehe. Lakini neno la mama yake tulibaki nalo.

Ndiyo maana safari hii, tulipotia nia ya Umra, tulianza na amana. Mwenye kwenda huko hulipa madeni yake, hurudisha vya watu, huomba radhi. Tulifungua kila pembe ya gari: chini ya viti, kwenye buti, kwenye kijisanduku cha mbele. Tukatoa pini, vibanio, mitandio, hata makombo ya visheti, maana chakula ndicho kinachomwita panya. Kila cha mtu kikaenda kwa mwenyewe. Na tulirudi kwa yule dada na mama yake kuomba radhi mara nyingine.

Kisha tukaliandaa gari lenyewe, na fundi wetu akatueleza sababu ya kila jambo. Tunakuandikieni kama tulivyofanya.

Tulilikosha gari lote, na chini kwa maji mengi ya mferejini, kwa sababu tunakwenda sana pwani na chumvi hula bati kimya kimya. Likakauka juani kabla ya kufunikwa. Tukamwaga oili ya zamani tukatia mpya, kwani oili iliyotumika ina uchafu na unyevu unaokula injini ikikaa muda. Tangi tukalijaza petroli, maana tangi tupu lina nafasi ya hewa, na hewa yetu ya kisiwani ina maji.

Matairi tuliyaongeza upepo kidogo, bila ya kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe. Sisi mafundi cherehani tunalijua hili: kitambaa kikikunjwa muda mrefu mahali pamoja, ule mkunjo hata pasi hauutoi. Na tairi lililobeba uzito bila ya kuzunguka huwa hivyo hivyo.

Betri tulifungua waya wa upande wa hasi. Kumbe hata gari likizimwa, saa na king'ora vinaendelea kunywa umeme polepole. Na zile dakika tano za kila wiki zilikuwa zinatuumiza, hazitusaidii: kuwasha kunachukua umeme mwingi, dakika tano hazitoshi kuurudisha, na injini isiyopata moto vizuri inabaki na unyevu ndani. Kama kuna mtu wa kuliendesha njiani nusu saa, sawa. Kama hayupo, liacheni lilale.

Handibreki hatukuivuta, ili breki zisigande. Tuliliweka pahala tambarare, kwenye gia ya kwanza, tukazuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. La otomatiki huwekwa kwenye P. Bomba la moshi tuliliziba kwa kitambaa panya asiingie, na kipande chekundu cha kitambaa hicho hicho tukakifunga kwenye usukani ili tusisahau kukitoa kabla ya kuwasha.

Turubali la nailoni tuliliacha, kwa kuwa linafungia unyevu ndani. Gari liliwekwa bandani, na sisi wenyewe tukalishonea vazi la merikani linalopitisha hewa. Ndani tukaweka bakuli mbili za mkaa mkavu. Mwisho tukaangalia tarehe ya bima, tusije tukarudi tukaingia barabarani imeshakwisha. Ufunguo tukamwachia mama, kazi yake ikawa kufunua boneti kila Ijumaa kutazama kama panya wamehamia.

Wiki iliyopita tulirudi. Hatukukimbilia kuwasha. Tulitazama chini ya boneti, tukaangalia oili, tukapima upepo, tukatoa kitambaa kwenye bomba, tukarudisha waya wa betri. Mdogo wangu akasema Bismillah akawasha. Likaguna kidogo, likawaka. Breki zilikwaruza hatua za mwanzo kwa kutu nyepesi, tukaenda polepole mpaka zikatulia. Ndani hamkuwa na kuvu wala harufu.

Safari yake ya kwanza ilikuwa kwa yule mama. Alikuwa ametupigia simu tungali Muscat: bintiye mdogo anaolewa, na anataka tumshonee sisi. Alitutoa mfuko wa kitambaa chumbani, akautia mikononi mwetu, kisha akauliza, "Leo mnalala nacho wapi?"

"Kabatini, mama," tukajibu pamoja. Akacheka, na sisi tukacheka.

Mashoga, mkisafiri, iwe kwa ibada, kwa mume au kwa mzazi, anzeni na vya watu. Kisha gari. Allah atujaalie tuwe wenye kutunza amana. Amin.