Mashini ya Kunyoa Ngozi

Wengi wenu mumeona mikoba ya kina mama inayoshonwa katika kiwanda kidogo cha parokia yetu hapa Lubumbashi, lakini pengine hamujui taabu iliyomo ndani ya ukingo wake. Ngozi ya mkoba ina unene wa milimita 1.2 hivi. Ukikunja ukingo, unapata 2.4, ukiunganisha vipande viwili vilivyokunjwa, unapata 4.8. Hapo sindano inavunjika, uzi unakatika, na mkoba unavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Ndiyo maana fundi hupunguza kwanza unene wa ukingo, kwa upande wa nyama, mpaka ibaki nusu. Sisi tunaita kazi hiyo kunyoa ngozi, ingawa manyoya yake yaliondoka zamani.

Miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na mzee mmoja, kilema wa mguu, kwa kisu na kipande cha marumaru. Tulimlipa kwa hesabu ya mikoba. Kisha shule moja ya masista ikatuagiza mikoba mingi kwa siku chache, tukaona kwamba kisu hakitoshi. Akiba yetu ilitosha kwa mashini moja tu, na sehemu kubwa ya akiba ile ilikuwa jasho la wajane wanaoshona pale. Kila katekista anajua maneno makali ambayo Bwana wetu aliwaambia wale wanaokula mali ya wajane, nasi tulilala vibaya usiku ule.

Basi tukaenda kwa mfanya biashara bila kumwambia mzee. Tunaona haya kuandika jambo hilo. Tulijisemea kwamba tunamwepusha na huzuni, lakini kweli tuliogopa uso wake.

Mashini zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa Fortuna ya zamani, kazi ya Stuttgart huko Ujerumani, jina ambalo mafundi wa ngozi wanaliheshimu. Lakini mota yake ilitaka umeme wa viwanda, ule wa nyaya tatu, na sisi tuna umeme wa nyumba tu, wa volti 220. Ya pili ilikuwa mpya, ya mfano ule unaoitwa 801, kutoka China. Ndani yake kuna kisu cha duara, mfano wa kengele iliyolazwa, kinachozunguka mbio. Ngozi inawekwa uso juu, nyama chini. Gurudumu dogo linaivuta kutoka chini, mguu wa chuma unaikandamiza kutoka juu, na kisu kinapita. Ukishusha mguu, kinanyoa zaidi; ukiuinamisha, ukingo unapata mteremko; na chuma cha pembeni kinapima upana. Mwenye duka alipitisha kipande cha ngozi ngumu ya mkanda, kikatoka laini na sawasawa. Tulikuwa karibu kutoa pesa.

Tuliporudi, watoto walikwisha kumpasha mzee habari. Siku mbili alitusalimu tu, wala hakuongeza neno. Siku ya tatu akauliza:

« Mwalimu, mulipeleka ngozi yetu? »

Hatukuipeleka. Ile tuliyoonyeshwa ilikuwa ngozi ya mwenye duka.

Mzee akafunga vipande katika kitambaa: ngozi laini ya mbuzi, ngozi ya ng'ombe, mkanda wa kuning'iniza mkoba. Tukaenda pamoja. Ngozi ya mbuzi ilipoingia katika mashini ile nzuri, ikajikunja na kupasuka. Mwenye duka akasema kwamba ngozi yetu ni mbaya. Mzee hakubishana naye. Akaomba umeme uzimwe, akainama akitazama chini ya mguu, akasema gurudumu ni la chuma, linafaa ngozi ngumu, na kisu kiko mbali na mguu. Je, halipo gurudumu la jiwe? Lilikuwapo, limekaa ndani ya sanduku! Likafungwa. Mzee akazungusha kitasa kinachosogeza kisu mbele, kidogo kidogo, mpaka ikabaki nafasi kama ya karatasi. Kisha umeme ukawashwa tena, akakinoa kwa jiwe la kunolea lililo ndani ya mashini yenyewe. Ngozi ya mbuzi ikapita, na kile kilichonyolewa kikaanguka kama ganda la kitunguu.

Hakuishia hapo. Aliuliza kama visu vya kubadilisha vinapatikana, kwani kila kunoa kunakula kisu. Akauliza habari ya mota pia, maana ziko namna mbili: moja inanguruma na kula umeme mchana kutwa hata kama hakuna kazi, nyingine inazunguka tu ukikanyaga pedali, na mwendo wake unapunguzwa kwa mwanafunzi mwenye woga. Alitaka hii ya pili. Nyongeza ya bei ilitutoa jasho, lakini tulilipa.

Sasa mashini iko dirishani, na mikoba ya masista ilikwenda kwa wakati. Pembe za mviringo mdogo bado zinanyolewa kwa mkono. Umeme wa mtaa wetu ukikatika, na unakatika mara nyingi, marumaru inarudi mezani.

Limebaki jambo la mshahara. Wengine katika kamati wanasema mzee asilipwe tena kwa mkoba, maana sasa ananyoa kwa saa moja kazi ya siku nzima. Sisi tumejibu kwamba bila jicho lake akiba ya wajane ingekuwa chuma kitupu. Tutakutana tena Dominika hii, baada ya Misa ya pili. Mzee mwenyewe hajaomba pesa. Ameomba neno moja tu: mtu mwingine asiguse kile kitasa cha kisu.