Mashine ya Theluji na Mikono ya Mama



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji laweza kuonekana kichekesho: namna ya kuchagua mashine ya kuondoa theluji nyumbani. Sisi tunaojifunika shuka moja usiku tutasema hayo ni mambo ya wengine. Hata hivyo, wapo watu waliokaa kwetu wakawa wetu, ambao leo theluji huwazibia mlango. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Baadaye, hasa tangu mwaka 2015, maelfu yao walihamishiwa Marekani. Waliondoka na Kiswahili chao, na wengine hawajaacha kutuandikia.

Familia moja ya namna hiyo iliniandikia kuomba ushauri. Wanajua kwamba nilisoma miaka miwili katika nchi ya baridi, na kwamba nyumba ya mapadre tuliyokaa ilikuwa na mashine mbili za theluji, moja ndogo na moja kubwa, nami nilizisukuma zote. Kijana mkubwa ameona mashine kubwa ya petroli, iliyokwisha kutumika, ikiuzwa kwa bei nafuu. Lakini yeye hufanya kazi usiku, na mdogo wake huondoka alfajiri. Anayebaki nyumbani asubuhi ni mama yao, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, pamoja na wajukuu wanaopaswa kufika kwenye basi la shule. Waliniuliza, “Padre, tununue ipi?” Nami niliwauliza, “Ni nani atakayeisukuma?”

Mashine hizi ni za aina kuu mbili. Ya kwanza ni ndogo. Ina parafujo pana mbele, inayozunguka karibu kabisa na ardhi, ikiikusanya theluji na kuirusha pembeni kwa tendo moja. Kwa kawaida husafisha upana wa sentimita 45 hadi 55, hufaa theluji isiyozidi sentimita 20 hivi, na nyingi hazizidi kilo 45. Zipo za petroli, za waya wa umeme na za betri. Aina ya pili ni kubwa: parafujo huikusanya theluji, kisha feni iliyo nyuma yake huirusha mbali. Injini huendesha hata magurudumu, na upana hufika sentimita 60 hadi 75. Hii haitishwi na theluji ya magotini, lakini nyingi zina uzito unaokaribia kilo 100 au kuzidi.

Kijana alikuwa na hoja nzuri: injini inajiendesha yenyewe, mama atashika tu. Hilo ni kweli mashine inapokwenda mbele kwa mstari ulionyooka. Lakini njia ya nyumbani ni fupi. Baada ya mita chache huna budi kugeuka, kurudi nyuma, kukwepa ngazi na kupita kando ya gari. Baadhi ya mashine kubwa zina vishikio vidogo vya kulegeza gurudumu moja ili zigeuke kwa wepesi. Isiyo na vishikio hivyo humtaka mtu aiburute kwa nguvu za kiuno, naye amesimama juu ya barafu.

Watu wa mwambao wetu wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Kwa miaka mingi meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliposimama mbele ya vijiji visivyo na gati, haikuweza kufika ufukweni. Iliyomfikisha mama na mtoto wake nchi kavu ilikuwa mitumbwi. Ukubwa wa meli ulifaa kwa safari ndefu. Mita mia za mwisho zilihitaji chombo kinachogeuka.

Mdogo wake naye aliuliza: je, mwanamke aliyebeba kuni na ndoo za maji Nyarugusu atashindwa na koleo? Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Theluji laini iliyoanguka sasa hivi inaweza isifikie kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, lakini iliyoloa na kushindiliwa hufika kilo 300 na zaidi. Tena baridi hubana mishipa ya damu wakati uleule moyo unapotakiwa kufanya kazi ya ghafla. Ndiyo maana kila majira ya baridi wapo watu wanaoshikwa na moyo wakiwa na koleo mkononi. Mama huyu ana shinikizo la damu. Basi hapa hatuzungumzii raha ya kuwa na mashine, tunazungumzia uhai.

Ushauri wangu ulikuwa huu. Kwanza, tazameni ardhi. Kama njia imesakafiwa kwa lami au saruji, mashine ndogo yatosha. Kama ni ya kokoto, ndogo itarusha mawe. Hapo kubwa yafaa, kwa sababu mdomo wake waweza kuinuliwa kidogo. Yao ni ya saruji.

Pili, tazameni namna ya kuiwasha. Kuvuta kamba ya injini katika baridi kali ni kazi ya bega lenye nguvu. Ya betri huwashwa kwa kitufe, ila betri ilale ndani ya nyumba, maana baridi huipunguzia nguvu.

Tatu, jueni udhaifu wa ndogo. Gari la kusafisha barabara linapopita huacha tuta la theluji mdomoni mwa njia yenu, nalo likikaa hugeuka kuwa mwamba. Tuta hilo liondolewe mapema, kwa vipande vyembamba. Siku theluji inapofika magotini, mama asitoke. Vijana wapange zamu, au waombe jirani.

Nne, na hili nililiandika kwa herufi kubwa: mkono usiingie kamwe kwenye mdomo wa mashine. Theluji ikikwama, izimeni, toeni betri, subirini visu visimame, kisha tumieni kijiti. Hata injini ikiwa imezimwa, parafujo iliyokwama inaweza kuruka mara theluji inapolegea. Wengi wamepoteza vidole hivyo. Na kama mtanunua ya petroli, msiiwashe ndani ya banda la gari. Sumu yake ni ileile ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, nasi hapa Kigoma tumekwisha kuzika watu kwa sababu ya jiko hilo.

Wapendwa, mara nyingi tunapomnunulia mtu kitu kwa upendo, tunakipima kwa nguvu zetu wenyewe. Kijana yule anampenda mama yake, wala hakuna anayelitilia shaka hilo. Lakini alikuwa akiichagua mashine kwa mikono yake yeye, mikono ambayo saa moja asubuhi haitakuwapo nyumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kifaa cha nyumbani kipimwe kwa mikono ya yule atakayebaki nacho peke yake.

Kwa hiyo sikuwatajia jina la mashine. Niliwaambia wampeleke mama dukani. Aishike mwenyewe, aigeuze mahali pembamba, airudishe nyuma, aone kama kishikio kinamfika kiunoni bila kuinama. Itakayomtii, hiyo ndiyo yenu, hata kama ile nyingine ni ya bei nafuu na yenye nguvu mara mbili.

Nawatakieni Dominika njema.