Mshindani, Mshindi na Mshinde

Wapenzi wa lugha, neno mshindani limebebeshwa mzigo usio wake. Wengi wakilisikia huwaza adui. Ndiyo maana baadhi ya waandaaji wa mashindano ya ushairi hulikwepa, wakatumia mshiriki. Mshiriki ni neno zuri, ila upana wake umezidi: hata aliyepanga viti ukumbini ameshiriki.

Tulichambue. Mzizi ni -shind-, na kiambishi -an- huleta maana ya kutendana. Hakuna ashindanaye peke yake. Mshindani humhitaji mwenziwe ili jina lake lipate maana. Tazameni pia irabu za mwisho. Mshindi ni aliyeshinda. Mshinde ni aliyeshindwa. Irabu -e hapo humtaja aliyetendwa, kama ilivyo kwa mtume, aliyetumwa, na mteule, aliyeteuliwa. Mshindani yu kabla ya hao wawili: shauri lake bado halijaamuliwa.

Nilipokuwa nikifundisha Iringa, kabla ya kuhamia Mbeya, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyewapita wenzake wote kwa utunzi. Alikataa kupeleka shairi lake mashindanoni kwa kuwa rafiki yake wa bweni moja alikwisha kupeleka lake. "Mwalimu, sitaki kuwa mshindani wake," aliniambia. Nikamwandikia ubaoni: pendana, saidiana, shindana. Akavitazama vitenzi vile, kisha akauliza kwa adabu iwapo pigana nacho hakimo katika kundi hilo.

Kimo. Kiambishi hakiahidi wema wala ubaya; husema tu kwamba wahusika ni zaidi ya mmoja. Shairi lile halikupelekwa.

Wema, basi, hutiwa na jamii, na jamii zetu zimejua kuutia. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19; leo ni watani. Mashabiki wa Simba na Yanga nao huitana watani wa jadi. Katika ushairi, malenga wamelumbana kwa vina na mizani tangu kale, na Mathias Mnyampala (1917–1969) akaieneza ngonjera, ambamo wahusika huanza wakipingana na aghalabu humaliza wakiafikiana. Huo ndio ushindani niliotamani mwanafunzi wangu aujue kabla ya kulisikia neno lenyewe.

Kwa hiyo napendekeza: mshiriki abaki kwa kila aliyehudhuria na kutoa mchango wake. Aliyeleta shairi lipimwe mbele ya mengine aitwe mshindani, bila kuonewa haya. Na mshinde, neno ambalo silisikii tena vinywani mwa vijana, tulirejeshe kwa heshima, maana mshinde naye alithubutu kuleta shairi lake.