Wikiendi Iringa, na fuvu la Mkwawa

Wadau, Jumamosi iliyopita mimi na washikaji watatu tulipanda basi Mbeya kwenda kuizungukia Iringa. Njiani utani ulikuwa mwingi: Mbeya ni jiji tangu 2005, Iringa bado manispaa. Mwenzetu mmoja, Mhehe, akasema subirini mfike.

Tukapanda Gangilonga, yaani jiwe linalosema. Mji wote uko chini yako, na upepo wake si wa mchezo! Picha zilipigwa mpaka simu zikazima.

Jumapili tukaenda makumbusho ya Kalenga. Fuvu la Mtwa Mkwawa limo ndani ya kioo. Aliwachapa Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajipiga risasi ili wasimkamate. Wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza fuvu lirudishwe, likarudi 1954! Gavana Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Pale Mhehe wetu hakutoa simu mfukoni. Akasema taratibu, "Babu huzikwa, hawekwi kabatini." Mwingine akamjibu kwamba likizikwa, watoto watabaki na hadithi tu, na kesho mtu atasema ni uongo.

Mpaka Makambako walikuwa bado wanabishana. Mimi niko na yule wa kioo, maana fuvu lile ni ushahidi. Ila picha yake sikupiga, na hapa siiweki.