Aibu ya Mjomba na Kikombe cha Kahawa

Yapo maneno ambayo mtu mzima hayatamki mbele ya wakwe zake. Mwaka 2018 neno moja la namna hiyo nusura limponze mjomba wangu huko Kilimatinde.

Mjomba ni mtu wa baraza. Jioni hakosi bao na kahawa chungu. Usiku mmoja utumbo wake mpana ulijisokota, tumbo likavimba kama ngoma. Alipasuliwa, kipande kilichokufa kikakatwa, na ncha mbili zikaunganishwa. Siku ya tatu muuguzi alimwuliza, "Mzee, umetoa hewa?" Mkamwana wake alikuwa amesimama pale pale, kanga mkononi. Mjomba akageukia ukutani, akajibu, "Nimetoa."

Mimi niliyekesha kando ya kitanda nilijua kuwa hakutoa. Huenda nawe ungenyamaza kwa heshima. Lakini utumbo uliopasuliwa hulala kwa siku kadhaa, na hewa hiyo ni mojawapo ya dalili kwamba umeanza kuamka. Mgonjwa akishibishwa mapema, aweza kujaa tumbo na kutapika. Nikamfuata muuguzi nje, nikamweleza ukweli.

Daktari alimpima tumbo, kisha akauliza mzee hupenda kinywaji gani. Nikataja kahawa, nikitazamia kukemewa. La hasha! Aliruhusu kikombe kidogo, mara tatu kwa siku.

Baadaye nilisoma sababu. Mwaka 2012 madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 80 wa upasuaji wa utumbo mpana, upasuaji uliopangwa, si wa ghafla kama wa mjomba. Waliopewa kahawa walipata choo baada ya saa 60 hivi kwa wastani. Waliopewa maji, baada ya saa 74. Wala si kafeini peke yake itendayo kazi hiyo. Utafiti wa mwaka 1990 kwa watu wenye afya ulionyesha kwamba hata kahawa iliyoondolewa kafeini huamsha sehemu ya mwisho ya utumbo katika baadhi ya watu, na maji ya moto matupu hayakufanya hivyo.

Alfajiri ya siku ya nne, wodi nzima ilisikia. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemwita muuguzi, akacheka mpaka akashika mshono. Sitadai kwamba ni kahawa tu. Huenda siku za utumbo zilikuwa zimetimia.

Basi, msomaji, usimpelekee mgonjwa wako birika kwa siri. Mwulize kwanza daktari, kwani si kila tumbo lililoshonwa liko tayari kupokea kitu. Na muuguzi akija na swali lile, watoe wakwe nje, mzee apate kusema kweli.